Koleti nilizochagua kwa mashine yangu ndogo ya kukereza

Kazi nyingi ninazopata hapa Kizota, Dodoma, ni za vitu vidogo: bushi za mashine za kukamua alizeti, pini, spesa za magurudumu ya bodaboda. Chaki ya meno matatu, kile kibanio kinachoshika kipande kwenye mashine, inaziweza, ila ukigeuza kipande ukereze upande wa pili, hakirudi katikati palepale. Mshale wa geji ya saa niliyoigusisha kwenye kipande ulikuwa unacheza karibu 0.1 mm. Bushi nyembamba ndiyo tabu kabisa: unachimba tundu duara safi, ukilegeza meno linabaki na pembe tatu.

Dawa yake ni koleti, yaani kibomba cha chuma chenye mikato kinachokibana kipande pande zote kwa pamoja. Mafundi wenzangu walinisifia aina ya 5C. Ni nzuri kwa anayekereza kitu kimoja kutwa nzima, maana kufunga na kufungua ni haraka. Lakini kila koleti yake hubana saizi yake tu, na vyuma vya dukani kwetu havina adabu hiyo. Unauziwa cha 16 mm, kipimo cha venia kinasoma 15.7. Nikachagua aina ya ER32: kila koleti yake hujibana hadi 1 mm chini ya saizi yake, hivyo koleti 18 zinashika chochote kuanzia 2 mm hadi 20 mm. ER40, iliyo kubwa zaidi, inafika 26 mm, ila tundu la spindo langu, ule mhimili unaozungusha kipande, ni 20 mm. Chuma kinene kuliko hapo kingepita wapi?

Kishikio cha koleti kiko cha aina mbili. Cha bei nafuu kinachomekwa kwenye spindo na kuvutwa kwa boliti ndefu kutoka nyuma, basi tundu lote limezibwa, huwezi tena kupitisha chuma kirefu. Nilichukua cha kufungwa usoni kwa sahani, na ile sahani nikaimalizia kuikereza ikiwa imefungwa kwenye spindo lenyewe. Hapo ndipo usahihi unapopatikana.

Koleti huingizwa kwanza kwenye nati, kwa kuilaza upande mpaka ilie "tak". Ukiitumbukiza kavukavu kwenye kishikio na kufunga nati juu yake, kuitoa ni vita. Kipande kifupi kisichojaza koleti kinahitaji kipande kingine cha kipenyo hichohicho nyuma yake, la sivyo koleti inabana mdomoni tu. Nondo yenye mistari siiweki humo hata kwa bei gani. Hiyo naipeleka kwenye chaki ya meno manne, pamoja na vyuma vya kutu na vyote vilivyopinda.