Sekunde 40 za kunyamaza

Ijumaa, usiku

Leo nimenyamaza kwa sekunde 40, na sijafanya kazi ngumu kuliko hiyo wiki nzima.

Tulikuwa tunaijaribu programu ya miadi ya hospitali, hii ninayoichora kwa mwezi wa tatu sasa. Mtu wa tatu kwenye orodha alikuwa mama mtu mzima, mstaafu, ana simu yake na anaitumia vizuri. Nikampa kazi moja: una miadi Jumatatu, umepata dharura, isogeze siku nyingine. Nikamwomba pia aseme kwa sauti kila kinachompitia kichwani anapofanya.

Alikwenda bila kukwama. Akafungua miadi, akachagua Alhamisi, akachagua saa 4 asubuhi. Kisha dole gumba likasimama hewani, karibu kabisa na kitufe cha "Wasilisha". Likashuka kidogo, likapanda. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mimi nimekaa kushoto kwake, daftari mapajani, ulimi unaniwasha: bonyeza hapo mama, hapo hapo.

Ilipofika sekunde ya 10 hivi nilishaamini nimejua tatizo. Kitufe hakionekani. Nikaandika daftarini: "Kikuzwe, rangi ikolezwe." Ajabu ni kwamba vipimo nilikuwa nimevichukua mwenyewe. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kuhakikisha hata asiyeona vizuri anaweza kutumia tovuti na programu, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na yangu yalipita hapo kwa mbali. Ukubwa wa kitufe nao ulitosha kidole chochote. Lakini ukimwona mtu amesimama mbele ya kazi yako namna ile, unaanza kuvishuku hata vipimo.

Ndipo akasema, taratibu, bila kuniangalia: "Mwanangu, nikigusa hapa, ile ya Jumatatu si itafutika? Na hii mpya wakiikataa je?"

Kumbe kitufe alikiona tangu mwanzo. Alikuwa anakiogopa.

Sikumjibu swali lake. Nilimuuliza, "Wewe unadhani itakuwaje, mama?" Akaiweka simu mezani. "Nadhani nitabaki sina hata moja. Mimi hapa ningepiga simu tu niongee na mtu."

Narudia kuziandika sekunde hizo kwa sababu ningemsaidia kwenye ile ya 10 angebonyeza, angenishukuru, na mimi ningekwenda nyumbani kukuza kitufe. Asiyekiona kitufe na anayekiogopa hufanana kabisa kwa nje: kidole kimesimama, macho yanazunguka. Dawa zao ndizo hazikaribiani hata kidogo. Njia pekee niijuayo ya kuwatofautisha ni kungoja mpaka mwenyewe aseme, na kungoja huko kunauma, maana umelelewa kumsaidia mkubwa wako anapohangaika.

Jioni nikamfuata mwenzetu anayeandika upande wa seva, yaani kompyuta ya nyuma inayotunza miadi yenyewe. Nikamuuliza, "Kaka, mtu akihamisha miadi, ile ya zamani inafutwa lini hasa?" Akafungua msimbo, yaani maagizo ya programu, akasoma kimya, akasoma tena. Inafutwa kwanza. Baada ya hapo ndipo mfumo unaomba nafasi mpya, na kama kuna mwingine ameiwahi nafasi hiyo katikati, mgonjwa anaambiwa ajaribu tena huku Jumatatu yake imeshakwenda.

Mama yule alikuwa sahihi. Hajawahi kuuona msimbo wetu, lakini alihisi kuna shimo na akakataa kulikanyaga.

Mwenzangu hakubisha. Amegeuza mpangilio: shika nafasi mpya kwanza, ikithibitika ndipo uiachie ya zamani. Ni mistari michache tu. Nami ndipo nikapata haki ya kugusa maneno. "Wasilisha" ni neno la mezani pa karani. Linasema fomu inakwenda wapi, halimwambii mgonjwa kitakachompata. Sasa kitufe kinasomeka "Hamisha iwe Alhamisi saa 4 asubuhi", na juu yake kuna mstari mmoja: "Miadi yako ya Jumatatu inabaki mpaka hii mpya ithibitishwe." Mstari huo ningeuandika kabla ya seva kurekebishwa ungekuwa uongo, uongo mtamu wenye herufi nzuri. Na nimeshaona skrini nyingi za namna hiyo.

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huniuliza wajifunze programu gani ya kuchorea. Huwa nawajibu, maana zana ni lazima uzijue, na Figma ukiishika kila siku itakukubali ndani ya wiki chache. Ila moyoni ningependa waniulize namna ya kuuliza swali lisilobeba jibu ndani yake. Namna ya kumwendea mhandisi ukitaka kujua mfumo unafanyaje kazi, bila kumfanya ajione yuko kizimbani. Namna ya kuandika maneno matano ambayo mtu mwenye hofu atayaelewa kwa kuyasoma mara moja. Mambo haya sijayamaliza kujifunza, na kila mradi unanionyesha pengo jingine.

Don Norman, mtaalamu wa usanifu na saikolojia, alipokwenda Apple mwaka 1993 alijiita msanifu wa uzoefu wa mtumiaji, kwa kuwa aliona majina yaliyokuwapo, ya violesura (skrini na vitufe anavyovigusa mtu) na urahisi wa matumizi, ni membamba mno. Alitaka jina linalobeba kila kitu ambacho mtu anakutana nacho kwenye mfumo. Jina hilo nimelibeba kwenye wasifu wangu kwa miaka mingi, lakini leo ndiyo nimelishika vizuri. Mpangilio wa amri mbili kwenye seva, pasipoonekana na yeyote, ndio uliolisimamisha dole gumba la mama yule.

Kwenye kikao cha saa 11 mmoja wetu alisema huyo ni mtu mmoja tu. Ni hoja ya haki. Tunajaribu na watu 5 kila duru, kwa kufuata ushauri wa Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliyeandika mwaka 2000 kwamba 5 hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo, na kwamba ni heri kugawa bajeti katika duru ndogo kadhaa kuliko kuimaliza kwa jaribio moja kubwa. Lakini kosa hili halikuhitaji kupigiwa hesabu, lilikuwa limeandikwa kwenye msimbo tayari. Nikawaonyesha video, sekunde 90, mama mwenyewe alikuwa amekubali irekodiwe na ionyeshwe kwa timu. Dole gumba likashuka, likapanda. Alipofika kwenye "sina hata moja", hakuna aliyeuliza tena ni watu wangapi.

Nimefungua daftari sasa hivi. Lile agizo la kukuza kitufe nimelipiga mstari, ila nimeliacha lisomeke, na chini yake nimeandika swali la mama kama alivyolitamka. Jumanne tunaanza duru ya pili na watu 5 wengine. Nimemwomba mwenzangu ndiye akae na washiriki, mimi nibaki chumba cha pili nikiandika, maana skrini hii nimeshaijua mno na ulimi utaniwasha.