Nilivyoelewa kwa nini uwiano wa kasi huzidishwa, haujumlishwi

Mmenyuko ulionifungua macho ni wa nitrojeni monoksaidi na oksijeni: 2NO + O₂ → 2NO₂. Majaribio yanaonyesha mambo mawili. Oksijeni ikibaki ilivyo, kasi inawiana na ukolezi wa NO kipeo cha pili. NO ikibaki ilivyo, kasi inawiana na ukolezi wa O₂. Sasa mlinganyo mmoja unapatikanaje?

Wengi hujumlisha: kasi = a[NO]² + b[O₂], ambapo mabano ni ukolezi, na a na b ni namba zinazodhaniwa kuwa thabiti. Mimi huujaribu mlinganyo wa namna hiyo kwa kuondoa kitu kimoja kabisa. Weka O₂ = 0. Bado unakupa kasi a[NO]², yaani mmenyuko unaendelea bila oksijeni! Hapo umeshaanguka.

Kilichonisaidia ni kurudi kwenye uwiano wa kwanza, oksijeni ikibaki ilivyo, yaani kasi = a[NO]², na kuiangalia hiyo a kwa makini. Tuchukue namba rahisi za mazoezi, ukolezi ukiwa katika moli kwa lita na kasi katika moli kwa lita kwa sekunde. NO ikiwa 0.01 na O₂ 0.01, kasi ni 0.007. Gawanya kwa [NO]², yaani 0.0001, unapata a = 70. Ongeza O₂ iwe 0.02 bila kugusa NO: kasi inakuwa 0.014, na a inakuwa 140. Kumbe a haikuwa namba thabiti. Ilionekana thabiti kwa sababu tu oksijeni ilikuwa imeshikiliwa mahali pamoja, na ndani yake imebeba oksijeni yote: a = 7000[O₂]. Ipachike mahali pake:

kasi = 7000[NO]²[O₂]

Kuzidisha kumetoka hapo. Kisha hakiki kwa jaribio ambalo hukulitumia: vyote viwili vikiwa 0.02, kasi itoke 0.056, mara nane ya ile ya mwanzo. Isipotoka hivyo, rudi kwenye vipeo.

Vipeo vyenyewe usivichukue kwenye namba za kusawazisha mmenyuko. Hapa vimelingana, lakini katika 2N₂O₅ → 4NO₂ + O₂ kasi inawiana na N₂O₅ kipeo cha kwanza tu, ingawa mbele yake pana 2. Namba hizo zina kazi nyingine, nayo huja unapoandika badiliko la kila kitu kwa wakati. Katika mmenyuko wetu wa NO, O₂ hupungua kwa kasi hiyo, NO hupungua mara mbili yake, NO₂ huongezeka mara mbili yake. Ukisahau ile 2, au alama ya kutoa, hesabu yote iliyobaki inapotea.

Vizio vya 7000 navyo viandike: lita² kwa moli² kwa sekunde. Na usiihamishie kwenye jotoridi jingine. Mmenyuko huu, tofauti na mingi, hupungua kasi ukipashwa joto.