Ule waya mweusi wa dadangu

Mombasa sahii ni kaskazi, jua la utosi, maji ya bomba yatoka vuguvugu bila mtu kuyapasha, na feni yapuliza joto tu. Katika hali hiyo dadangu alo Uingereza anipigia video Whatsapp, amevaa koti ndani ya nyumba, aniambia, "Mdogo wangu, we si fundi stima, hebu nisaidie kufunga hii programa."

Programa ni kisanduku cha ukutani kinachoiambia boila saa ngapi ipashe maji ya kuoga na saa ngapi ipashe zile redieta za vyumbani. Chake kilikufa, akanunua kingine. Mimi kazi yangu ni feni, AC na shawa za moto, redieta niijuayo ni ya gari. Lakini dada mkubwa akikuomba utamwambiaje?

Tulianza vizuri wallahi. Azime stima, atoe ile fyuzi ya ampea 3 aiweke mfukoni asije shemeji akaingia akawasha, apime na testa, apige picha kabla ya kugusa skrubu hata moja. Kile cha zamani herufi zake zilikuwa kivyake na zimefutika nusu. Kipya kina N ya nyutro (stima yarudia huko), L ya laivu (stima yaja nayo), halafu 1, 2, 3, 4. Buluu N, kahawia L, kijivu 3 ya maji, nyekundu 4 ya redieta, athi, ule waya wa ardhini, pembeni. Ukabaki mweusi.

Hapo ndo nilipoharibu. Huku kwetu nyumba za zamani mweusi ni nyutro, na nyutro tulikuwa nayo tayari, kwa hivyo nikasema na sauti ya ufundi kabisa, huo hauna kazi, funga tepu. Kwenye picha ulikuwa umebanwa na skrubu kama wenzake, nikaona, nikapita. Akawasha, maji moto, redieta moto, dua zote nikaombewa mimi.

Saa tatu usiku kwao, kwetu saa sita, simu hiyo. Amezima maji kabakisha redieta peke yake na boila imenyamaza. Akiwasha maji, redieta nazo zaamka. Akizima, zalala. Nikamwambia anitumie ile karatasi iliyokuja ndani ya boksi, ambayo mimi fundi mzima sikuwa nimeiomba, nikaisoma kitandani natoka jasho. Namba 1 yaitwa "maji yamezimwa". Yani ni waya unaopata moto, stima hiyo si joto, pale maji YANAPOZIMWA. Niliisoma mara tatu nikidhani wamekosea kuchapa.

Kumbe nyumba yake ina vali ya njia tatu, koki ya stima inayogawa maji ya boila, kuna maji, kuna redieta, na kuna katikati. Ili igeuke iende redieta peke yake lazima ipate moto kwa nyaya mbili, mmoja wa redieta na mmoja huo wa 1, ikishafika ndo yenyewe yaiambia boila iwake. Bila wa 1 vali yaganda katikati yangoja. Nyumba zenye vali mbili mbalimbali haziutumii, ndo maana wengine huacha 1 tupu na mambo yaenda.

Kilichonitia baridi mimi, kaskazi na yote, ni kingine. Maji yakiwa yamewashwa na tangi la maji ya kuoga likishapata joto lake, thamostati, swichi ya tangi inayopima joto, yatuma moto kwenye waya ule ule. Yani ile ncha niliyoiita haina kazi ilikuwa na laivu ya volti 230 chini ya kitepu.

Akazima tena, fyuzi mfukoni, testa, mweusi kwenye 1. Redieta peke yake, zikawaka. Nikamwambia azungushe tepu ya kahawia kwenye ncha ya ule mweusi ili fundi atakayekuja ajue ni laivu. Tepu ya kahawia hana, kaweka plasta ya kidonda, juu yake kaandika kwa kalamu MOTO, na huyo fundi Mzungu atajua mwenyewe.