Serikali Ichimbe Mtaro, Kampuni Ziuze Huduma

Kila serikali inapotangaza mabilioni ya kujenga miundombinu ya intaneti, mjadala huelekea haraka kwenye kasi itakayomfikia mwananchi na siku ambayo huduma itazinduliwa. Kwangu mimi swali zito zaidi ni hili: fedha hizo zinanunua kitu gani, na baada ya miaka thelathini kitu hicho kitakuwa mali ya nani?

Sehemu kubwa ya gharama ya mkongo, yaani njia kuu ya intaneti inayotumia nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, haitokani na nyuzi zenyewe, bali na kuchimba mtaro, kupata vibali, kuvuka mito na barabara, na kuwalipa fidia wenye ardhi. Nyuzi zikishalazwa, uwezo wake huongezwa kwa kubadilisha mitambo ya kutuma na kupokea mwanga iliyoko kwenye ncha zake, bila kuufukua tena mtaro. Kwa sababu hiyo mtaro unastahili fedha za umma kuliko kitu kingine chochote katika mtandao, kwani kampuni inayotakiwa kurudisha mtaji wake ndani ya miaka michache haiwezi kulaumiwa ikikataa kuufikisha kwenye wilaya yenye kaya chache zilizotawanyika.

Australia inatufundisha hasara ya kubana matumizi mahali pasipostahili. Mwaka 2009 serikali ya Kevin Rudd ilitangaza mradi wa hadi dola bilioni 43 za nchi hiyo, uliolenga kufikisha faiba, yaani nyuzi hizohizo, moja kwa moja katika nyumba nyingi. Baada ya uchaguzi wa 2013 serikali mpya iliamua kupunguza gharama na muda kwa kuifikisha faiba kwenye makabati ya kugawia laini za simu yaliyoko mitaani tu katika maeneo mengi, kisha kuendelea hadi nyumbani kwa nyaya za simu za shaba zilizokuwepo. Tatizo la shaba ni kwamba kasi yake hushuka kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kabati. Ilipofika 2020, serikali ya chama kilekile ilitangaza mabilioni mengine ili wakazi wengi wa maeneo hayo waweze kuungiwa faiba. Inaniuma kuona kazi ileile ikirudiwa kwa fedha za walipa kodi walewale.

Kuhusu umiliki, mfano ninaouheshimu ni wa jiji la Stockholm, ambalo mwaka 1994 lilianzisha kampuni yake, Stokab, ilaze nyuzi na kuzikodisha kwa kila mtoa huduma kwa masharti yaliyo sawa. Stokab haimuuzii mwananchi intaneti. Uamuzi huo ndio kiini cha jambo, kwa sababu serikali inayomiliki mkongo na wakati huohuo kushindana rejareja na wateja wake wa jumla, yaani kampuni zinazokodi nyuzi zake, itapata kila mara sababu ya kuwacheleweshea wengine maunganisho, hata kama sheria inakataza.

Lipo pia suala la njia mbadala ya kutumia waya mmoja unapokatika, ambalo halina mvuto siku ya uzinduzi na kwa hiyo ndilo la kwanza kuondolewa kwenye bajeti. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani ya Afrika Mashariki, ziliiondoa kanda kwenye utegemezi wa satelaiti, ambao ulikuwa ghali na wenye ucheleweshaji mkubwa wa mawasiliano. Hata hivyo, Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja, na huduma ikadorora vibaya katika nchi kadhaa za kanda hiyo. Waya wa pili unaopita karibu na wa kwanza si akiba ya kutegemewa.

Ningependa basi kila mkataba wa mkongo wa taifa utaje wazi njia ya pili inayopita mbali na ya kwanza, bei ya jumla iliyotangazwa hadharani kwa wote, na fungu la kila mwaka la matengenezo ambalo wizara haiwezi kulihamishia kwingine.