Kromosomu Moja Haijashikwa

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii sikuwa na amani. Mnajua jumuiya yetu hapa Nkuhungu, Dodoma, ilivyojaa: kaya 38, Jumamosi wengine wanasalia nje. Nikaona tuigawe. Nikaandika orodha mbili usiku mmoja, nikazisoma baada ya Misa, basi. Jumamosi bibi yetu wa nyumba ya mwisho, kule korongoni, akaenda pale tulipozoea na rozari yake mkononi, akakuta kufuli. Kundi la kwanza walidhani yuko kwa wenzao, na la pili vilevile. Jina lake halikuwa popote. Aliyeliruka ni mimi.

Jumatatu binti yangu wa kidato cha nne akaniomba nimsikilize anavyokariri mgawanyiko wa seli. Mimi mambo hayo niliyaacha shuleni, pamoja na ncha za mizizi ya vitunguu tulizozichungulia kwa hadubini. Akaanza: seli hukaa muda mrefu katika intafezi, ikikua na kunakili vinasaba vyake. Seli ya binadamu inayokuzwa maabara huchukua kama saa 24 mzunguko mzima, na mitosisi yenyewe, yaani kule kugawanyika, ni kama saa moja tu. Hapo nikachomwa, maandalizi yangu yalikuwa ya usiku mmoja. Kwenye profezi, hatua ya kwanza ya kugawanyika, kromosomu, yaani vifurushi vinavyobeba vinasaba, hujikunja zikaonekana. Kwenye metafezi zote 46, kila moja na nakala yake, hujipanga katikati, na nyuzi kutoka pande mbili za seli huzishika huku na huku.

Kisha akasema jambo nililomrudisha alirudie. Kromosomu moja ikiwa bado haijashikwa, seli husubiri. Zile 45 ziko tayari, lakini hiyo moja hutoa ishara ya kuzuia, na anafezi, yaani kule kuvutwa pande mbili, haianzi. Ikianza mapema, seli moja hupata pungufu na nyingine ziada, na nyingi za namna hiyo hudhoofika au kufa. (Telofezi, hatua ya mwisho, nayo aliieleza. Sikusikia kitu.)

Ndugu zangu, wale tisini na kenda tumewasikia tangu utotoni, mpaka tumeona yule mchungaji ni mtu asiye na ratiba. Sisi tuna akidi! Akidi imetimia, tunaanza. Nani kati yetu amewahi kusimama kikaoni akasema, "Bado mmoja, tungoje"? Aliyetuunga tumboni mwa mama zetu ameweka kungoja huko ndani yetu. Unaposoma haya, mwilini mwako kuna seli imesimama kwa ajili ya kromosomu moja. Na mwenyekiti wako ameshindwa kumngoja bibi mmoja.

Jana nilikwenda kuomba radhi. Akanipokea kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akanisogezea kigoda na karanga, akauliza watoto wanaendeleaje. Habari ya kufuli hakuitaja.

Orodha zote mbili nimezirudisha kwa katibu. Jumamosi hii tunasali wote, kwa bibi, saa kumi na mbili asubuhi. Njooni na viti.