Mlango Uko Wapi?

Leo, mimi mwenye ugonjwa wa hofu, nimepanda lifti peke yangu mpaka ghorofa ya juu. Moyo ulinienda mbio, kijasho chembamba kikanitiririka mgongoni, vidole vikafa ganzi, na lile wazo la siku zote likaja: nakufa. Basi, nimefika juu nikatoka.

Kujua mwili unafanya nini kumenisaidia kuliko kuambiwa "tulia tu" (anayesema hivyo huwa ametulia yeye). Adrenalini inamwagika kwenye damu kana kwamba nimekutana na simba, na moyo unadunda ili misuli ipate damu ya kukimbilia. Sasa mimi sikimbii popote. Nahema tu, haraka kupita mahitaji, hadi kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, na hapo ndipo ganzi na kizunguzungu huanza. Ganzi ileile niliyodhani ni kiharusi! Aghalabu shambulio hilo la hofu hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe. Hata hivyo, maumivu ya kifua si ya kukisia. Mimi nilipimwa moyo kwanza.

Kilichonitatiza zaidi ni kwamba uwanja mpana hunitesa sawa na chumba kidogo. Inakuwaje mtu aogope pafinyu na papana kwa pamoja? Daktari Mjerumani Carl Westphal aliandika mwaka 1871 kuhusu wagonjwa walioshindwa kuvuka viwanja vya wazi, hofu aliyoiita agorafobia, lakini siku hizi wataalamu huhesabu humohumo hofu ya basi, umati, foleni, hata kuwa nje ya nyumba peke yako. Hapo nikajitambua. Ninachokihofia mimi ni kuzidiwa mahali ambapo siwezi kutoka upesi, mbele za watu, bila wa kunishika mkono. Nikiingia ukumbini, macho hutafuta mlango kabla ya kiti.

Na kukwepa ni kutamu, ndiyo shida yake. Kila nikipita ngazini napata nafuu papo hapo, na ubongo unaamini kwamba nimeponea chupuchupu. Kwa hiyo matibabu yangu ni kurudi kulekule, kidogo kidogo, na kubaki mpaka hofu ichoke. Mtaalamu wangu hata hunizungusha kwenye kiti ili nikizoee kizunguzungu chenyewe. Mara ya kwanza nilidhani ananitania.

Kinachofuata ni foleni ndefu, na foleni naichukia hata bila ugonjwa.