Tope la injini lilitolewa na oili, flashi ilitaka kuniulia gari

Kila nikipeleka gari servisi naulizwa, "Bosi, na flashi tufanye?" Yaani kuosha injini kwa ndani kwa dawa kabla ya kuweka oili mpya. Nakataa kabla fundi hajamaliza kuuliza. Jibu hilo nililipata kwa gharama, na bado naudhika nikisikia watu wanashauriana flashi kana kwamba ni kuosha vioo.

Gari nililinunua mkononi mwa mtu, limetembea zaidi ya kilomita 140,000 na halina daftari la servisi. Injini ya petroli, silinda 4, inawaka mara moja na haitoi moshi. Lakini nilipofungua kifuniko cha kujazia oili nikamulika ndani kwa tochi, nikaona kila kitu kimepakwa weusi mzito kama lami iliyopoa. Nikakwaruza kwa ncha ya bisibisi, ikatoka kama nta. Hilo ndilo tope la oili: oili imekaa muda mrefu mno bila kubadilishwa, imechoshwa na joto, imechanganyika na unyevu na masizi, mwisho imeganda.

Kila niliyemwonyesha alisema flashi. Mmoja alisema ninunue kopo la dawa, niimimine kwenye oili kuukuu, niwashe kwa dakika kumi, nimwage. Mwingine akasema dawa ni kupoteza hela, mafuta ya taa yanatosha. Fundi niliyekuwa naye akachagua mafuta ya taa, nami nikakubali.

Yalitoka meusi tii, mepesi kama maji, na gereji nzima ikafurahi: "Umeuona uchafu huo?" Leo najua weusi ule haukuwa ushahidi wa chochote. Oili ya injini inatoka kiwandani ikiwa na visafishio ndani yake, pamoja na kemikali za kushikilia masizi yaelee yasitue. Ikigeuka nyeusi ina maana inafanya kazi yake. Injini ya dizeli inaweza kuifanya oili nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, na isiwe na ugonjwa wowote. Sisi tulishangilia kilichotoka, hakuna aliyeuliza kilichobaki.

Siku ya nne niko kwenye foleni, injini imepata moto, taa nyekundu ya oili ikaanza kupepesa. Nikikanyaga mafuta taa inazimika, nikiachia inarudi. Kisha tapeti, vyuma vidogo vinavyosukuma valvu za injini, zikaanza kulia, tak-tak-tak, kama cherehani. Nilizima injini palepale, wapita njia wakanisaidia kulisukuma gari pembeni. Stiki ya kupimia oili ilionyesha imejaa, na hapo ndipo wengi wanapopotea: wakiona imejaa wanawasha tena na kuondoka. Taa ile haihesabu oili iliyomo, inasema presha imeanguka. Beringi za krenki zikikosa oili hata kwa dakika chache, injini ni ya kufunguliwa yote. Nikaita gari la kuvuta.

Safari hii nilikwenda kwa fundi mwingine, mzee wa maneno machache. Alisikiliza maelezo yangu yote akasema, "Kijana wangu, tufungue sampu kwanza." Sampu ni bakuli la oili lililo chini ya injini. Ilikuwa imegandiana na silikoni ya zamani, akatumia karibu saa nzima kuibandua kwa kisu chembamba asije akapinda ukingo. Ilipotoka akanionyesha wavu ulio mdomoni mwa bomba la kufyonza oili. Ni kitu kidogo, hakizidi kiganja. Karibu robo tatu yake ilikuwa imezibwa na vipande vyeusi, vingine vikubwa kama punje za mahindi. Nilichukua kimoja nikakibonyeza, kikavunjika kama mkaa.

Mafuta ya taa hayakuyeyusha lile tope. Yalilibandua, likadondoka, likafuata oili hadi kwenye wavu. Filta haikuweza kunisaidia, kwa sababu filta iko baada ya pampu na wavu uko kabla yake. Isitoshe, ukimwaga oili haitoki yote, hivyo mabaki ya mafuta ya taa yalikuwa yameshaanza kuipunguza nguvu oili yangu mpya.

Mzee akasugua sampu na wavu kwa petroli na brashi, akafunga kwa silikoni nyembamba sana. Alisema silikoni ikizidi hufinyika kwa ndani, ikikatika inakwenda kuziba wavu uleule. Akachomoa pia valvu ya kupumulia injini, akaitikisa sikioni mwangu: kimya. Ya gari langu inatakiwa ilie kama njuga. Akaweka mpya, maana injini isiyopumua inajitengenezea tope upya.

Halafu akanipa dawa yenyewe: oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, nimwage kila kilomita 1,500 injini ikiwa ya moto, pamoja na filta, mara tatu. Oili mpya ingelilainisha tope kidogo kidogo na kuliacha kwenye filta, bila kulibomoa kwa mkupuo.

Nilitaka nione kwa macho yangu kama inafanya kazi, kwa hiyo nikaamua kupasua kila filta. Ya kwanza niliikata kwa msumeno wa chuma, nikaiharibu: chenga za kopo zilitapakaa kwenye karatasi ya ndani, nikashindwa kujua chuma kipi ni cha injini na kipi ni cha msumeno wangu. Ya pili nilitoboa tundu kwa patasi, nikaendelea kwa mkasi wa bati. Safi. Nikachomoa karatasi, nikaikamua oili, nikaikunjua juu ya gazeti mkunjo baada ya mkunjo. Ilijaa chenga nyeusi laini zinazosagika kidoleni. Nikapitisha sumaku, haikunasa kitu, nikashusha pumzi. Ya tatu ilikuwa na chenga chache za kuhesabika. Nikaanza kubadilisha oili kila kilomita 3,000, kisha 5,000. Taa ya oili haijapepesa tena, na tapeti zimenyamaza. Oili zote hizo pamoja na filta hazikufika nusu ya gharama ya kuvutwa na kufungua sampu.

Sisemi injini haisafishwi kabisa. Rafiki yangu gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, ilikufa, maji ya rejeta yakaingia kwenye oili ikawa kama uji wa maziwa. Pale, baada ya kutengeneza, ilibidi oili imwagwe na kujazwa mara kadhaa mfululizo mpaka ikatoka safi. Huo ulikuwa ugonjwa unaojulikana, umetibiwa kwanza. Lakini gari linalobadilishiwa oili kwa wakati, flashi ya nini kila servisi? Na lenye tope nene ndilo hasa la kuogopea.

Servisi iliyopita kijana wa gereji aliniuliza tena, kopo la dawa tayari liko mkononi. Nikafungua kifuniko cha oili, nikampa tochi. Akainama, akamulika kushoto na kulia. Mle ndani kuna chuma chenye rangi ya chai ya rangi, basi. Akaliweka kopo mezani, akaenda kutafuta spana ya nati ya sampu.